Mkono wa Idi kuvuka bahari: jinsi ya kumtumia ndugu aliye ng'ambo zawadi ya pesa

Tumezoea pesa zitoke kule zije huku. Mtoto yuko Leicester, wazazi wako Kisauni, na mwisho wa mwezi simu ya baba inaleta ujumbe wa M-Pesa. Mpwa wangu alipojifungua tukaamua safari hii mkono utoke kwetu uende kwake. Karani wa benki alinitazama mara mbili: "Mnatuma Uingereza?" Naam, Uingereza. Mzazi hapewi mkono kwa kuwa hana. Anapewa kwa kuwa kazaa.

Watu kumi tulichanga shilingi 52,000. Hesabu ya haraka kwenye simu ilituonyesha zinazidi kidogo pauni 300, nikaandika ujumbe wa pongezi: "pauni 300" juu, majina kumi chini. Siku ya nne binti akapiga: "Mjomba, Mungu awazidishie, imeingia 271." Hakulalamika wala hakuuliza. Mimi ndiye niliyejiona kama mtu aliyepeleka sahani ya halua iliyomegwa njiani.

Tangu hapo zawadi ya ng'ambo naihesabu kutoka mwisho kuja mwanzo. Tumeshatuma harusi mbili na mikono ya Idi kadhaa, Uingereza, Ujerumani na Maskati, na haya ndiyo ninayoyafuata.

1. Anza na kitakachofika

Zile pauni 29 hazikuibwa. Zilikwenda mafungu matatu, na mawili kati yake hayakuandikwa popote kwenye stakabadhi niliyopewa.

Siku ile bei ya katikati, ile inayotokea ukiuliza mtandaoni, ilikuwa kama shilingi 170 kwa pauni. Benki haikuuzii kwa bei hiyo. Ina bei ya kununua na bei ya kuuza, na kwa kuwa wewe ndiye unayetaka pauni, unauziwa: 176. Shilingi sita hazitishi mtu, lakini kwa pauni 300 ni shilingi 1,800. Fungu la pili ni ada ya kutuma, 2,500, na hiyo ndiyo pekee niliyoiona kwa macho. La tatu ni benki ya njiani. Benki ya Mombasa na benki ya Leicester mara nyingi hazina akaunti baina yao, kwa hiyo pesa hupitia benki ya tatu inayojuana na zote mbili, nayo hujikatia chake kabla ya kupitisha. Kwetu ilikata pauni 10. Chukua 52,000, toa 2,500, gawa kwa 176, toa 10: unapata 271 na peni chache.

Sasa igeuze. Nataka zifike 300 kamili. 300 mara 176 ni 52,800. Ongeza ada 2,500, na ongeza malipo ya kubeba makato ya njiani mwenyewe (nitayaeleza mbele), tuseme 2,000. Jumla 57,300. Kwa watu kumi, ile tofauti ilikuwa shilingi 530 kila mtu. Kama ningejua kabla ya kuchangisha, hakuna ambaye angekataa. Kurudi kuomba nyongeza baada ya mchango kufungwa ndiko kunakoleta maneno.

Kwa hiyo, kabla ya kutangaza mchango wowote kikundini, piga simu benki au uende dirishani uulize mambo matatu: leo mnauza pauni (au dola, au yuro) kwa bei gani, ada ya kutuma ni ngapi, na nikitaka kiasi fulani kifike bila kupungua nitalipa nini. Bei hubadilika kila siku, basi weka ziada ya kama shilingi 1,000 kwa kila 50,000. Ikibaki, mtainunulia kahawa.

2. Maelezo ya akaunti: omba maandishi, thibitisha kwa sauti

Usiandike namba ya akaunti kwa kusomewa kwenye simu. Mwambie mpokeaji afungue programu ya benki yake, anakili maelezo na kuyatuma kama maandishi. Unahitaji jina lake kama lilivyo kwenye akaunti, anwani anayoishi, jina la benki, msimbo wa SWIFT wa benki hiyo (SWIFT ni mtandao wa benki wa kupelekeana maagizo ya malipo ya nje; msimbo una herufi na tarakimu 8 au 11), na namba ya akaunti.

Kwa Ulaya na baadhi ya nchi za Ghuba, namba hiyo inaitwa IBAN, na ina faida moja kubwa: inajikagua yenyewe. Ya Uingereza huanza na GB na ina alama 22: mbili za nchi, mbili za ukaguzi, nne za benki, sita za tawi, nane za akaunti. Ukikosea tarakimu moja zile mbili za ukaguzi hazitakubaliana, na mfumo utaikataa kabla pesa haijatoka. Zihesabu tu, kwa kidole ikibidi. Ujerumani pia 22, Uholanzi 18, Ufaransa 27, Imarati 23, Saudia 24. Ikipungua au ikizidi, kuna mtu ameruka kitu.

Marekani na Kanada hawatumii IBAN, kwa hiyo huko hakuna wa kukukagua kwa namna hiyo. Kwa Marekani utaombwa namba ya akaunti na namba ya benki yenye tarakimu 9. Hapa kuna mtego: baadhi ya benki za kule zina namba moja ya kupokea mshahara na nyingine ya kupokea pesa za kutoka benki nyingine kwa SWIFT. Mwambie ndugu yako aulize benki yake wazi, "nikitumiwa kutoka nje ya nchi natumia ipi?" Kwa Kanada ni tarakimu 5 za tawi, 3 za benki, kisha akaunti.

Halafu jina. Sisi watu wa pwani tuna shida na hili. Pasi inasema Mwanaisha, nyumbani ni Isha, kikundini ni Mama Twaha, na benki ya kule imeandika jina la babu kama ndilo la ukoo. Andika kile kilichoko kwenye akaunti, hata kama kinakuchekesha. Usiandike "Bi." wala "Ustadh".

Ukishapata maelezo yote, piga simu. Simu ya sauti, si ujumbe. Akusomee tarakimu nne za mwisho. WhatsApp za watu hutekwa kila siku, na ujumbe wa "ile akaunti ya kwanza ina matatizo, tumia hii ya rafiki yangu" ndio wanaoupenda. Ukiona umekuja, hata kama una picha yake na unakuita mjomba, simamisha kila kitu mpaka usikie sauti yake.

3. Chagua njia

Vijana walio kule watakwambia, "Si utumie Wise tu?" Wanasema kweli kwa upande wao. Wise na Remitly na programu nyingi za kutuma pesa za aina hiyo zimejengwa kwa mtu aliye Ulaya au Marekani anayetuma kuja kwetu. Ukiwa Mombasa na shilingi zako mkononi, hazikuruhusu kuanza. Usipoteze jioni nzima ukijisajili.

Njia zilizobaki ni chache.

Benki kwa SWIFT. Ndiyo ninayoitumia zawadi ikiwa kubwa, tuseme kuanzia shilingi 40,000 kwenda juu. Ada haitegemei sana kiasi, kwa hiyo zawadi ndogo huliwa na ada. Kutuma shilingi 5,000 kwa SWIFT ni kumpa benki zawadi.

M-Pesa Global na Western Union. Tangu mwisho wa 2018 mteja wa M-Pesa wa Kenya anaweza kutuma kutoka kwenye simu yake hadi kwa mawakala wa Western Union ng'ambo, na kwenye akaunti za benki za baadhi ya nchi. Kwa mkono wa Idi wa watoto hii ndiyo njia. Kiasi atakachopokea unaonyeshwa kabla ya kuthibitisha, na hilo kwangu lina thamani kuliko ada ndogo isiyosema ukweli. Lakini linganisha: kichukue kile kiasi unachoonyeshwa, gawa shilingi zote unazotoa kwa hicho, uone pauni moja inakugharimu ngapi kweli. Ukifanya hivyo kwa kila njia, bei za matangazo hazikuchanganyi tena. Kikomo cha M-Pesa, shilingi 250,000 kwa muamala mmoja tangu Agosti 2023, hakitakubana kwa zawadi za kifamilia.

Akienda kupokea taslimu, jina liwe sawasawa na kitambulisho atakachoonyesha. Utapewa namba ya tarakimu 10. Hiyo ni ya mpokeaji peke yake. Nimewahi kuona mtu akiibandika kwenye kikundi cha harusi chenye watu 140 ili "wote mjue imetumwa".

Mtu anayesafiri. Njia ya zamani kuliko zote na bado nzuri, hasa kwa harusi, maana bahasha inafika na kanga. Msafiri ajue tu kwamba akiwa na taslimu ya pauni 10,000 au zaidi akiingia Uingereza, au yuro 10,000 akiingia Umoja wa Ulaya, lazima aitangaze. Kwa Marekani ni ikizidi dola 10,000. Na hapa pesa zote alizobeba huhesabiwa pamoja, zako na za jirani yako.

Kuhusu kubadilishana

Hii nataka niizungumze polepole kwa sababu kila familia inaifanya. Mwenzako ana mtoto Birmingham anayetaka kumtumia mama yake shilingi Likoni. Wewe una mpwa Leicester unayetaka kumtumia pauni. Basi wewe mpe mama wa Likoni shilingi, na mtoto wa Birmingham amtumie mpwa wako pauni, kutoka benki ya Uingereza hadi benki ya Uingereza. Hakuna kilichovuka bahari, hakuna aliyekatwa. Bei mnakubaliana katikati: 170, kila mtu kafurahi.

Kati ya watu wa nyumba moja sina neno nalo. Nimefanya na kaka yangu na nitafanya tena. Lakini likitoka nje ya nyumba, likawa la "kuna jamaa mmoja anabadilisha bei nzuri", ninakataa, na sababu si woga wa kutapeliwa mimi. Ni mpwa. Pauni zitakazoingia kwenye akaunti yake zitatoka kwa mtu asiyemjua. Zikiwa ni za wizi, benki itaifunga akaunti yake yeye, si yangu, na atabaki hana pa kupokelea mshahara. Uingereza mtu anayefanya biashara ya kuhamisha pesa lazima awe amesajiliwa na mamlaka ya kodi ya kule na kuidhinishwa na msimamizi wa fedha. Kenya nako kuna kanuni za watoa huduma za kutuma pesa tangu 2013, zenye leseni ya Benki Kuu. Hawala yenye leseni ni duka kama duka jingine, unaingia na kutoka na stakabadhi. Jamaa mwenye bei nzuri na namba ya simu tu si duka.

Na vijana mlio kule, ndugu asiye wa karibu akiwaomba mpokee "zawadi" kisha mumpelekee mtu mwingine, kataeni kwa adabu lakini kataeni.

4. Fomu ya benki, sehemu mbili zinazoamua

Karani atakujazia mengi. Mambo mawili usimwachie.

La kwanza ni sarafu. Akaunti ikiwa ya pauni, tuma pauni. Wengi hapa tunafikiri kila kinachokwenda nje ni dola, na wapo makarani wanaofikiri hivyo. Ukituma dola kwenye akaunti ya pauni, zitabadilishwa mara mbili: shilingi kuwa dola huku, dola kuwa pauni kule, na kila mara kuna mtu anayekata. Ujerumani yuro, Oman riali kama benki yako inayo. Ikiwa haina, hapo ndipo dola inapofaa.

La pili ni nani abebe gharama. Kwenye fomu kuna visanduku vitatu: OUR, SHA na BEN. OUR ni mtumaji kubeba zote. SHA ni kugawana: wewe unalipa za huku, mpokeaji anakatwa za njiani na za kule. BEN ni mpokeaji kubeba zote. Usiposema kitu, mara nyingi huwekewa SHA, na hivyo ndivyo pauni 10 zangu zilivyokwenda. Kwa zawadi, chagua OUR. Kumpa mtu kitu kisha akilipie nauli si adabu ya kwetu. Ujue tu kwamba benki ya mpokeaji inaweza kuwa na ada yake ya kupokea pesa za nje, ambayo OUR haiizuii kila mara. Mpwa aulize benki yake.

5. Maswali: pesa ni za nini, zimetoka wapi

Tarajia kuulizwa, na usikasirike. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, yaani orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, na tangu hapo benki za kule hutazama mara ya pili kinachotoka kwetu. Isitoshe, majina yetu mengi, Mohamed, Ali, Hassan, yanafanana na ya watu waliomo kwenye orodha za vikwazo duniani. Mashine inasimamisha, mtu anakagua, anataka tarehe ya kuzaliwa, inaendelea. Siku mbili zimepotea na hakuna aliyekosea.

Sehemu ya madhumuni andika kwamba ni zawadi kwa ndugu, na uiandike kwa Kiingereza, maana mkaguzi wa Frankfurt hasomi Kiswahili. Taja na uhusiano: kwa mpwa, kwa binti, kwa dada. Usifanye utani. Yule aliyeandika "hela ya bunduki" akimaanisha kamera ya mpwa wake aliyekuwa mpiga picha, pesa zake zilikaa wiki tatu.

Kuhusu zilikotoka: mchango wa watu kumi kwenye M-Pesa yako ni wazi kwako, lakini benki inaona shilingi zikiingia vipande vipande kisha zikitoka ng'ambo siku ya pili. Piga picha ya orodha ya mchango, uwe na kadi ya mwaliko wa harusi au picha ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ubebe kitambulisho na PIN ya KRA (namba yako ya mlipa kodi). Dakika kumi zaidi dirishani, na mambo yanakwisha.

6. Siku ya kutuma

Mwezi hautangazwi kwa ratiba ya benki. Ukitaka mkono ufike kabla ya Idi, hesabu siku tano za kazi kurudi nyuma na utume asubuhi. Kwa Maskati na Riyadh wikendi ni Ijumaa na Jumamosi; ukituma Alhamisi mchana, Ijumaa kule wamefunga, Jumapili wao wamefungua sisi tumefunga, na hivyo hadi Jumatatu hakuna kilichotembea. Imarati walihamia Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022, kwa hiyo Dubai ni rahisi zaidi. Desemba usijaribu kabisa kati ya tarehe 24 na mwaka mpya.

7. Kodi, kwa kifupi

Uingereza anayepokea zawadi ya pesa kutoka kwa ndugu halipi kodi kwa kuipokea. Marekani vivyo hivyo, ila akipokea zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka kutoka kwa mtu wa nje lazima aripoti kwa fomu namba 3520. Familia yenye tatizo hilo haisomi makala hii. Ujerumani ndiko kwenye hesabu: anayeishi kule akipewa na mzazi ana msamaha wa hadi yuro 400,000 katika miaka kumi, lakini akipewa na mjomba, shangazi, kaka au dada ni yuro 20,000 tu. Mkiwa mnamsaidia ndugu kununua nyumba, litazameni hili kabla.

Kitu ambacho watu hawakifikirii: ndugu aliye Uingereza anayepokea ruzuku ya Universal Credit akiwa na akiba inayozidi pauni 6,000, ruzuku hupunguzwa, na ikizidi 16,000 hukatwa kabisa. Muulizeni kwanza, kwa siri, si kikundini. Na mwanafunzi anayeomba viza ya Uingereza kwa pesa mlizomzawadia lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiasi kinachotakiwa. Zikiingia kuchelewa, hata ziwe nyingi vipi, hazimsaidii.

8. Ukishatuma

Usiondoke dirishani bila kopi ya ujumbe wa SWIFT uliotumwa. Ndani yake kuna namba ndefu ya ufuatiliaji yenye alama 36, ambayo benki yoyote iliyopitiwa inaweza kuitumia kuona pesa zimekwama wapi. Siku ya tano ikipita bila kitu, usimtume mpwa akahangaike kule. Wewe mtumaji ndiye unayefungua ufuatiliaji, kwenye tawi ulilotumia, kwa karatasi hiyo. Zikirudishwa, zitarudi pungufu na kwa bei ya siku ya kurudi, kwa hiyo kama kosa lilikuwa la benki, dai tofauti kwa maandishi.

Ujumbe wa pongezi, ule wenye majina kumi chini yake, mimi sasa nauacha kwenye rasimu. Nasubiri mpwa anitumie picha ya skrini, naandika tarakimu aliyoiona yeye, ndipo nautuma.